Mstari wa Vitone

Kabla ya kuandika fomula yoyote, mwalimu mmoja wa fizikia huchora birika. Mkono wake si wa mchoraji: tumbo la birika hulalia upande mmoja na mdomo wake hutokeza kama pua ya mtu aliyenuna. Kidato cha tano wamezoea, hawacheki tena. Akimaliza hutafuta chaki ya njano, na kama haipo huvunja nyeupe ile ile apate ncha, kisha hulizungushia birika mstari wa vitone, kitone baada ya kitone, bila haraka, kama mtu anayepanda karanga mvua za Desemba zikianza. Vitone vikikutana hugeuka na kuuliza swali ambalo ataliuliza kwa mwezi mzima ujao: "Kipi kiko ndani, kipi kiko nje?"

Nilikwenda kwenye shule anayofundisha, Dodoma, kwa shughuli ya siku moja, nikaomba kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja wakati namsubiri mtu. Nikarudi kesho yake. Nikarudi na keshokutwa. Wanafunzi wakadhani mimi ni mkaguzi, mmoja akanifutia dawati kwa leso yake. Nilikuwa nimewakuta kwenye mada ya joto, na ndani ya joto, kwenye sura ambayo vitabu huiita thamodainamiki na wao wenyewe wameikata ikabaki "thamo."

Kwetu hakuna mtihani wa pekee wa kugombania vyuo vya uhandisi kama ule wa India, ambako vijana wa nchi nzima hushindanishwa. Mlango wetu ni mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani, kila Mei: fizikia ina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, na alama zake ndizo zinazoamua nani anakwenda kusomea umeme, nani udaktari, nani anabaki kutafakari upya. Lakini India ipo humu darasani hata hivyo. Karibu na Nelkon, kitabu cha zamani cha Kiingereza ambacho hapa jalada lake limeshonwa kwa uzi wa viatu, kuna vitabu vya S. Chand, vinene kama tofali, vilivyoandikiwa watoto wa Delhi na Kanpur, na pembezoni mwa kurasa zake kumejaa majibu ya penseli ya Kiswahili. Prepo inapoanza, tofali hizo hupita mkono kwa mkono.

Tatizo la kwanza la thamo kwa Mswahili liko kinywani. Tunasema leo kuna joto. Tunasema mtoto ana joto, apelekwe zahanati. Tunasema chai haina joto, iwashie moto. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili: kile kinachohama kutoka kitu hadi kitu, na kile kipimo tunachosoma kwenye kipimajoto. Shule ya msingi walipewa neno la pili, jotoridi, lililoungwa kwa joto na baridi, neno zuri kweli. Kisha wakavuka kuingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza, na jotoridi likaachwa darasa la saba pamoja na kaptula zilizobana. Mwalimu huyu amelirudisha. Ubaoni anaandika Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa, lakini mdomoni anawataka watenganishe: joto linaingia, jotoridi linapanda. Semeni. Wanasema. Kisha anaweka kipande cha barafu kwenye sahani ya bati, barafu ya mfuko iliyonunuliwa dukani ng'ambo ya barabara, na wanaitazama ikiyeyuka huku kipimajoto kimegoma kwenye sifuri.

"Joto linaingia?"

"Linaingia."

"Jotoridi linapanda?"

Kimya. Kila kilo ya barafu inameza jouli 334,000 na haionyeshi hata nyuzi moja. Sentensi ya kwanza imeandikwa kwenye kauntabuku: joto linaingia, jotoridi halipandi. Anawaambia waache mstari mmoja wazi chini yake, kuna ya pili inakuja.

Lililonivutia zaidi ni namna alivyowaeleza kwamba kitu hakina joto ndani yake. Hilo ndilo kosa ambalo hata watu wazima wenye digrii hulifanya. Alitoa simu mfukoni. Salio langu, alisema, ni nishati ya ndani. Linaongezeka kwa njia mbili: nimekwenda kwa wakala nikaweka taslimu, au mtu amenitumia. Taslimu kwa wakala ni joto, kutumiwa ni kazi. Sasa tazama salio pekee, bila ujumbe mwingine wowote, shilingi elfu ishirini. Unaweza kuniambia ni ipi iliyotoka kwa wakala na ni ipi iliyotumwa? Huwezi. Kwa hiyo usiniambie maji haya "yana joto" kiasi fulani, yana salio. Joto lipo wakati wa muamala tu.

Nimesoma maelezo ya kanuni ya kwanza katika vitabu vingi na sijakutana na yaliyo safi kuliko hayo. Kutoka hapo fomula inajiandika: joto lililovuka mstari wa vitone kuingia ndani ni sawa na nyongeza ya salio pamoja na kazi iliyotoka nje. Q = ΔU + W. Hapo ndipo chumba cha pili, cha kemia, kinapoleta fujo. Hawa ni watoto wa michepuo ya PCM na PCB, wanaosoma fizikia na kemia kwa pamoja, na wiki hiyo hiyo mwalimu wa kemia anawafundisha ΔU = q + w, kwa sababu wakemia huhesabu kazi iliyofanywa juu ya gesi, wakati wanafizikia, ambao somo lao hili lililelewa na injini za mvuke, huhesabu kazi ambayo gesi imefanya. Alama ya kujumlisha imehamia upande mwingine wa ukuta. Mvulana mmoja mrefu aliuliza kwa hasira ya kweli kwa nini wasikubaliane. Mwalimu alimwonyesha mstari wa vitone: mshale unatazama nje au ndani? Chora mshale kwanza, alama itakuja yenyewe. Anayekariri alama bila mshale, siku ya mtihani atachanganya karatasi ya kemia na ya fizikia, na hakuna msahihishaji atakayemwonea huruma.

Kwenye kona ya chumba cha walimu kuna mtungi juu ya mafiga matatu, umefunikwa sahani, kata juu yake. Tangu Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu mpaka midomo inapasuka, na upepo haupumziki; mtungi unatoa jasho mchana kutwa na maji yake yanauma meno. Mwanafunzi aliyetoka Tanga alisema mtungi wa bibi yake haupozi hivi. Haupozi kwa sababu hewa ya pwani imeshiba unyevu, haina nafasi ya kupokea zaidi.

Mtungi huo uligeuzwa swali. Lita kumi za maji, kutoka nyuzi 30 hadi 22, zinatakiwa kupoteza jouli 336,000. Kila gramu inayovukiza inaondoka na jouli 2,400 hivi. Gawanya: gramu 140. Maji yasiyojaa hata glasi moja ndiyo yaliyolipia ubaridi wa ndoo nzima, ukiacha joto linalojipenyeza kutoka nje na lile la udongo wenyewe. Lakini hesabu haikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa mahali pa kupitisha vitone. Mmoja akavipitisha kwenye maji tu, ndani ya mtungi. Mwingine nje ya udongo. Wa tatu, binti mwenye miwani iliyofungwa gundi, akazungusha mtungi pamoja na wingu la mvuke juu yake, na kwake yeye, kama hewa ya jirani haihesabiwi, karibu hakuna nishati iliyopotea popote, imehama kiti tu. Wote watatu walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mpaka wake. Aliyekosea ni yule aliyesema baridi imeingia kwenye maji. Tunavyosema kila siku, ndiyo, baridi huingia, huingia mpaka kwenye mifupa. Mwalimu alimtazama kwa upole: "Imeletwa na nani, mwanangu?"

Siku ya pampu ya baiskeli ilikuwa ya kelele. Pampu iliazimwa kwa fundi wa nje ya geti, ambaye aliisindikiza mwenyewe na kusimama mlangoni kuhakikisha hawaiharibu. Ziba tundu kwa kidole, sukuma kwa nguvu, gusa chini. Kila mtu aligusa, kila mtu akashtuka, pamoja na fundi, ambaye ameishi na moto huo miaka mingi na kudhani unatokana na msuguano wa ngozi ya ndani. Msuguano upo, lakini kidogo. Mwalimu akaandika: hewa ya kelvini 300, ibane upesi hadi theluthi ya ujazo wake, zidisha kwa tatu kwa kipeo cha 0.4. Vikokotozi vikatoa 466. Nyuzi 193 za Selsiasi, kwenye pampu ya baiskeli.

Mbona haijaniunguza, akauliza mvulana mrefu, na nilifurahi kwa sababu mimi pia nilikuwa nataka kuuliza. Jibu lilichukua nusu saa na lilistahili. Hesabu ile imedhani hakuna joto lililovuka mstari. Katika pampu halisi chuma kinakunywa joto hilo papo hapo, na hewa ya ndani haifiki hata gramu moja, haiwezi kukipasha chuma chote. Mchakato ambao vitabu huuita adiabatiki ni uongo wa manufaa, na ukali wa uongo huo unategemea haraka. Sukuma polepole, ukiliachia joto nafasi ya kutoroka, na pampu haitapata moto hata kidogo. Sukuma kwa kishindo, na utaukaribia ule uongo. Kisha wakafungua kauntabuku kwenye ule mstari walioacha wazi na kujaza sentensi ya pili: joto halijaingia, jotoridi limepanda.

Nilizitazama sentensi hizo mbili zikiwa zimepangana, moja juu ya nyingine, kwa mwandiko wa watoto arobaini tofauti. Yeyote anayezielewa zote mbili bila kizunguzungu ameshavuka nusu ya mada.

Nusu ya pili huvukwa kwa mkono. Jioni, wakati wa prepo, nilimwona yule binti wa miwani akichora mikunjo ya kanieneo na ujazo. Walio wengi huchora mikunjo hii kwa kukumbuka sura yake, mmoja umelala, mwingine umesimama zaidi, basi. Yeye aliijenga. Kwanza mihimili, kwa rula, na vipimo vyake. Kisha mkunjo wa jotoridi lisilobadilika, ambao sharti lake ni moja: ujazo ukizidishwa kwa kanieneo upate namba ile ile. Akachagua sita. Moja na sita, mbili na tatu, tatu na mbili, sita na moja. Nukta nne ndogo, kisha penseli ikapita katikati yake kwa pumzi moja, bila kusimama, kama anayeandika jina lake. Halafu akarudi kwenye nukta ya kwanza na kuanza wa adiabatiki. Ujazo ukiwa mbili, kanieneo 2.27. Ukiwa tatu, 1.29. Ukiwa sita, 0.49. Mkunjo wa pili ulianguka chini ya wa kwanza kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alihesabu miraba iliyo chini ya kila mkunjo, ile mizima kwanza, kisha vipande akiviunganisha viwili viwili. Chini ya wa kwanza alipata karibu kumi na moja. Chini ya wa pili karibu nane. Eneo hilo ndilo kazi ambayo gesi imefanya, na tofauti ya miraba mitatu ina sababu yake: gesi ya kwanza ililishwa joto njia nzima, ya pili ilikuwa inakula salio lake yenyewe. Nilimwuliza kwa nini asitumie fomula, iko ukurasa huo huo. Akasema, "Fomula nimeipiga pia, mjomba. Nataka nione kama inanidanganya." Fomula ilisema 10.75 na 7.67. Haikumdanganya.

Wapo watakaosema huo ni upotevu wa muda kwa mtoto anayekabiliwa na mtihani mwezi ujao. Wenzake watatu kwenye meza ile ile walikuwa wanashindana na pasti pepa, mwaka baada ya mwaka, maswali arobaini kwa usiku mmoja, wakikariri mzunguko wa maswali kama mtabiri wa mpira. Siwalaumu, wengine watafaulu vizuri sana. Lakini kuna kupiga msuli na kuna kujua kazi, na seremala anajulikana kwa namna anavyoshika ubao kabla hajaukata.

Kazi yenyewe huonekana waziwazi maabara. Katika karatasi ya vitendo, joto lina swali lake, na swali linalopendwa ni kupoa: kalorimita ya shaba, maji ya moto, kipimajoto, stopuwachi. Shule hii haina gesi ya kutosha vichomeo vyote, kwa hiyo maji huchemshwa jikoni na kuletwa kwa chupa za chai, zile za maua mekundu, zikiwa zimepangwa kwenye meza ya maabara utadhani kuna harusi. Wanafanya kazi wawili wawili. Mmoja anashika saa na kuita "Soma!" kila dakika, mwenzake anainama mpaka jicho lake lilingane na uzi wa kimiminika, anasoma, na katikati ya kusoma na kusoma anakoroga taratibu, kwa sababu usipokoroga, juu ya chombo ni nchi moja na chini ni nyingine, na ukikoroga kama uji unamwaga na kubadili uzito uliokwisha kuupima. Kutoka nyuzi 80 hadi 50 hawasemi lolote jingine. Soma. Sitini na nane nukta tano. Soma.

Madirisha ya maabara ni ya vioo vya kupangilia na vingine havipo. Upepo unaingia. Nilidhani watayaziba kwa kadibodi, ila mwalimu aliwazuia. Kanuni ya Newton ya kupoa, inayosema kasi ya kupoa inalingana na ziada ya jotoridi juu ya lile la chumba, hutimia vizuri kukiwa na upepo wa kuendelea. Kwenye hewa tulivu mambo hubadilika na kipeo huwa tano juu ya nne. Kwa hiyo upepo wa Dodoma, adui wa kila mama anayeanika unga, hapa ni msaidizi, mradi usije kwa vishindo. Yule binti na mwenzake walihamisha kalorimita yao mara mbili, wakipima kwa kipande cha uzi kilichoning'inizwa kwenye penseli, mpaka wakapata pahali ambapo uzi unaegemea upande mmoja bila kucheza.

Halafu grafu. Nukta ndogo zenye misalaba, mkunjo mmoja laini usiogusa zote, maana nukta nyingine ni makosa ya macho na mkunjo hauna wajibu wa kuyaheshimu. Kinachofuata ni tanjenti, na hapo wengi huweka rula kwa kukisia. Yeye alitoa mkobani kioo cha mkononi, kile cha kujitazamia nywele, akakisimamisha juu ya mkunjo, akakizungusha polepole. Mkunjo ulio mbele ya kioo na taswira yake ndani ya kioo vilikuwa vimevunjika kama mguu uliokosewa kuungwa. Kisha, kwa pembe moja tu, vikaungana vikawa mstari usio na kovu. Akachora kando ya kioo. Huo ni mstari uliosimama wima juu ya mkunjo, na tanjenti ni ya pembe mraba na huo. Alirudia mara tano, kwenye jotoridi tano. Sidhani alijua kwamba nilikuwa nimeacha kuandika.

Hapo ndipo mtu huwa anakumbuka kwamba mada hii ina Mtanzania ndani yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, na desturi ilikuwa kusubiri yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha. Akaweka yake yakiwa moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka yakiwa baridi. Mwalimu wa fizikia aliyemwuliza alimwambia amechanganya mambo. Alipofika Mkwawa, Iringa, kidato cha tano, akakutana na sura hii hii, kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena, akachekwa. Akajaribu mwenyewe kwa bika mbili kwenye friji ya maabara ya bailojia. Denis Osborne alipokuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama na swali lake: bika mbili, ujazo sawa, moja nyuzi 35, nyingine 100, kwa nini ile ya 100 inatangulia kuganda? Osborne hakucheka, au alijizuia. Alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mabishano hayajaisha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, Uingereza, walipima kwa makini na kutoona ushahidi wa kutosha. Wengine wanaendelea kuona.

Mimi huwa naitazama ile 100. Iringa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kule maji huchemka karibu nyuzi 95. Bika ya nyuzi 100 haikuwahi kukaa juu ya meza yoyote ya Mkwawa. Ile ilikuwa mia ya kitabu, ambayo kila mmoja wetu ameibeba tangu darasa la tano kama kitambulisho. Simsemi Mpemba, yeye aliona kwa macho yake jambo ambalo kitabu kilimkatalia. Najisema mimi. Katika shule niliyosoma, kwenye nyanda hizi hizi, niliwahi kuandika 100 kwenye jedwali la vitendo bila kuinama kutazama kipimajoto, na nikapata alama zote.

Kwa hiyo nimeliacha la mwanzo, nililosimuliwa tu, liwe la mwisho. Siku ya kwanza kabisa ya mada ya joto, kabla ya simu na pampu, mwalimu aliwagawia kila wawili kipimajoto kilichozungushiwa karatasi na gundi, namba zote zimefunikwa, umebaki mwanya mwembamba wa kuona uzi wa kimiminika. Leo mtakitengeneza wenyewe, alisema. Wakakichovya kwenye barafu inayoyeyuka na kuweka alama ya penseli: sifuri. Wakakiweka juu ya maji yanayochemka, kwenye mvuke, na kuweka alama: mia. Wakapima kwa rula. Kwa binti wa miwani, tofauti ilikuwa milimita 193. Wakagawa sehemu mia. Sasa, akasema, jipimeni. Vipimajoto vikapozwa, vikafutwa, vikaingia makwapani, dakika tano za kukaa kama watu wenye majipu.

Milimita 73. Akagawa: 37.8. Jirani yake 38. Meza ya nyuma 38.1. Mvulana mrefu 37.6, akajisifu yeye ndiye mzima. Darasa zima lilikuwa na homa. Mtu mmoja akapendekeza malaria, mwingine maharage ya jana. Binti alijigusa paji la uso, akamgusa mwenzake, akatikisa kichwa. Mwalimu alikuwa dirishani, mgongo umewageukia, akitazama vumbi linavyozunguka uwanjani.

Dakika nyingi zilipita. Walirudia barafu, ikawa ile ile. Walirudia mvuke, ukawa ule ule. Kisha msichana aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliyeripoti wiki hiyo kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, akasema jambo ambalo halikuonekana kuhusika. Pakiti yake ya krispi, aliyoinunua stesheni Dar, ilikuwa imevimba kama mto alipoishusha hapa, na hakuna aliyeigusa.

"Kwa hiyo?" akauliza mvulana mrefu.

Hakumjibu. Alikwenda ubaoni, akachora sufuria, mbaya kuliko birika lolote la mwalimu, akaizungushia vitone. Akasimama. Akafuta vitone vya juu kwa kiganja na kuvichora upya, mbali zaidi, mpaka vikafika kwenye ukingo wa ubao, na ndani yake akachora mishale inayoshuka juu ya maji. Michache. Pembeni akachora sufuria ya pili, ya Dar, mishale mingi.

Mwalimu hakusema sawa. Alisema, "Ngapi?"

Barometa ilikuwa ukutani nyuma ya kabati, na ilibidi wawili walisogeze. Milimita 665 za zebaki, badala ya 760 za kitabuni. Jedwali la mwisho wa Nelkon, lile ambalo hakuna anayelifungua, likatoa 96.3. Binti wa miwani alikuwa ameshaifuta mia yake. Akaandika namba mpya mahali pake, akagawa tena ile milimita 73, akapata 36.4, na homa ikashuka.